Uzi: Modi za timu kwenye Splatoon 3, na kwa nini timu inayoangusha wengi bado inafungwa

#1 – NgisiMzito

Wakuu, uzi huu ni wa wanaocheza Splatoon 3 (mchezo wa Nintendo Switch wa kupigana kwa wino) mtandaoni na kuona namba zao za kuangusha adui ni nzuri, lakini matokeo yanasema wamefungwa. Tupite modi moja moja kwa vipimo. Mwenye marekebisho aweke hesabu mezani.

Msingi kwanza, kwa sababu modi zote zinaukalia. Timu ni mbili, wachezaji wanne kila upande. Kila mchezaji ana uhai wa 100. Silaha iitwayo Splattershot inatoa 36 kwa kila risasi ya karibu, kwa hiyo risasi tatu zinaangusha. Adui akiwa ameshapoteza 28 au zaidi, zinatosha mbili. Ndiyo maana Splat Bomb iliyokosa shabaha bado ina faida: ukingo wa mlipuko wake unatoa 30, ukiongeza risasi mbili unapata 102, kazi imekwisha. Bomu hilo hilo linakula asilimia 70 ya tanki la wino. Ukilitupa kisha ukakimbilia pambano bila kuzama kwanza (kugeuka ngisi ndani ya wino wa rangi yako), utaishiwa wino adui akiwa mbele yako. Tanki tupu hujaa kwa sekunde 3 hivi ukiwa umezama kwenye wino wako, na kama sekunde 10 ukiwa umesimama. Hapo utaona kwa nini mtu asiyezama hafiki mbali.

Sasa hoja yenyewe. Juu ya skrini kuna alama nane, nne kila upande. Aliyeanguka alama yake inafifia na kupigwa msalaba. Mwenye speshali (shambulizi kubwa linalotumika geji ikijaa) tayari alama yake inang'aa. Aliyeanguka anakaa nje sekunde 8 hivi, halafu anaogelea kurudi mbele. Muda huo ndio timu yako inapaswa kugusa lengo, yaani kile modi inachogombea. Ukimwangusha mmoja ukaendelea kuwinda hadi huyo wa kwanza akarudi, umechoma muda bure. Ukigusa lengo wenzako wawili wakiwa nje, umewapa adui zawadi. Tabia ya kutupia jicho juu kabla ya kila uamuzi ina thamani kuliko silaha yoyote utakayobadilisha.

Turf War nitaimaliza upesi kwa kuwa kanuni ni nyepesi. Ni dakika 3, na anayepaka sakafu nyingi anashinda. Kuta hazihesabiwi. Ukuta unapakwa ili upande, si ili upate asilimia. Kosa kubwa ni wote wanne kubaki nyumbani sekunde 40 za mwanzo wakipaka kila kona. Nyumba yako adui hafiki mapema, na anayerudi uwanjani baada ya kuanguka anaweza kuimalizia akiwa njiani. Mmoja apake njia ya kutokea, watatu waende katikati.

#2 – rola_la_zege

Swali kuhusu Turf War hiyo hiyo. Timu inatawala katikati dakika mbili nzima, ramani yote imejaa rangi yake, halafu Judd, yule paka mwamuzi, anainua bendera ya upande wa pili. Inatokeaje?

#3 – NgisiMzito

Inatokea kwa sababu hesabu ni moja tu, ile ya mwisho. Ulichotawala dakika ya kwanza hakimo kwenye jumla kama kimepakwa juu yake baadaye. Timu iliyobanwa nyumbani hukusanya speshali (geji inajaa kwa kupaka, na kubanwa kunawapa sakafu tele ya kupaka tena), kisha wanatoka zikiwa zimebaki sekunde 40 au 30, speshali tatu kwa pamoja.

Kinga yake: muziki ukibadilika dakika ya mwisho, acheni kuingia ndani ya nyumba ya adui. Simameni kwenye mstari ambao mkiangushwa mnaweza kurudi mara moja bado. Bonyeza X utazame ramani, tafuta madoa makubwa ya rangi ya adui nyuma yenu, mmoja akayafute. Na ukiangushwa zikiwa zimebaki sekunde 15, usirukie kwa mwenzako aliye mbele. Paka palipo karibu nawe.

#4 – Mwanapweza

Naingia na Splat Zones, kwa sababu ndiyo inayofanana na Turf War na ndiyo inayowadanganya watu.

Mechi ni dakika 5, kama modi nyingine zote za Anarchy (mechi za kupanda daraja). Kuna eneo moja katikati, au mawili kwenye baadhi ya ramani. Ukipaka asilimia 70 ya eneo linakuwa lenu, na sehemu iliyobaki inajaa rangi yenu yenyewe. Namba inaanza 100 na kushuka. Ikifika 0 mmeshinda papo hapo.

Watu wengi hawaielewi adhabu. Eneo likinyakuliwa na adui, juu ya namba yenu inaongezwa adhabu, na kadiri mlivyolishikilia kwa muda mrefu ndivyo inavyokuwa kubwa. Mkilirudisha, mnaanza kulipa adhabu hiyo kwanza, namba yenu kuu imesimama. Lakini adui hahitaji kufikia asilimia 70 ili awasimamishe. Akipaka sehemu ya kutosha eneo linakuwa halina mwenyewe, na hesabu inasimama. Hapo hapo ndipo pa kuokoa: mkilirudisha likiwa bado halina mwenyewe, adhabu haiji. Kwa hiyo eneo likitikiswa, mmoja wenu aache pambano lolote aliko na atupe wino ndani yake, hata kama bomu moja tu.

Mpangilio wa watu. Eneo likishakuwa lenu, msisimame juu yake. Hakuna faida ya kusimama juu ya sakafu ambayo tayari imejaa rangi yenu, na ndipo mabomu yote ya adui yanapolengwa. Watatu wasogee mbele, wazibe njia ambazo adui hutokea, mmoja mwenye silaha ya kupaka haraka abaki umbali ambao risasi zake zinafika eneo. N-ZAP '85 inafaa sana hapa: inapaka vizuri na speshali yake, Tacticooler, inawafanya wenzako warudi haraka zaidi wakianguka.

Kulirudisha eneo mkiwa mmelipoteza ndiyo kazi ngumu. Msiingie mmoja mmoja. Huyu anaanguka, yule anafika, naye anaanguka, mechi nzima mpo watatu dhidi ya wanne. Subirini wanne wawe hai, angalau speshali mbili zing'ae, ndipo mwingie. Speshali ya Ink Storm ikirushwa juu ya eneo inapaka huku nyinyi mnapambana. Big Bubbler ikiwekwa pembeni mwa eneo inawapa mahali pa kufyatulia risasi.

#5 – Kifungo_ZR

Nakubaliana na yote isipokuwa hilo la kusubiri wanne, mkuu. Ukisubiri hali bora kila mara huku namba ya adui inashuka kutoka 40 kwenda 15, umesubiri hadi mauti. Adui akiwa chini ya 30, ingieni watatu mkiwa na speshali moja, lengo likiwa kulifanya eneo lisiwe na mwenyewe tu. Hesabu yao ikisimama mmepata muda wa yule wa nne kufika.

Na kwenye ramani za maeneo mawili: lazima mshike yote mawili ndipo namba ishuke. Kwa hiyo mnapojilinda, msigawanyike wawili huku wawili kule. Chagueni eneo moja mlio karibu nalo, mlipake, mmevunja udhibiti wao.

#6 – Mwanapweza

Nakubali marekebisho. Adui akiwa chini ya 30, kusimamisha saa ni bora kuliko kujipanga.

#7 – juu_ya_mnara

Tower Control sasa. Kuna mnara katikati. Mchezaji akipanda, unatembea kwenye reli kuelekea nyumbani kwa adui. Wakipanda wengi unaongeza mwendo. Wa timu zote mbili wakiwa juu, unasimama. Ukibaki mtupu, baada ya muda mfupi unaanza kurudi katikati. Njiani kuna vituo ambapo unasimama hadi muda wa kituo uishe; kituo mlichokimaliza hamkilipi tena.

Nani apande? Jibu la kawaida ni «yeyote aliye karibu», nalo ndilo linaloangusha timu. Mnara ukishaondoka, hoja ni nani anazuia adui asiufikie. Mmoja juu, mmoja mbele ya mnara upande wa kushoto, mmoja upande wa kulia, wa nne nyuma kidogo na silaha ndefu. Mwenye Splat Charger (silaha ya kulenga kutoka mbali) akipanda mnara kwa kawaida mmempoteza kwenye kazi yake: juu pale nafasi ni ndogo, bomu moja likitua inabidi aruke. Mwenye blasta anafaa zaidi kupanda na pia kuwashusha wengine, kwa sababu mlipuko wake unamfikia anayejificha nyuma ya nguzo.

Nguzo ya katikati ni ngao yako. Zunguka nayo, iwe kati yako na adui mwenye silaha ndefu. Bomu likitua juu ya mnara, shuka, hesabu mlipuko, panda tena. Mnara hautaondoka kwa sekunde hiyo moja. Watu wanaanguka kwa kung'ang'ania.

Kwenye kituo ndipo mashambulizi mengi yanapofia, kwa sababu adui anajua mtasimama pale. Speshali zenu zitumieni mkiwa mmefika kituoni. Mkizitumia mnara ukiwa bado njiani mtafika kituoni mikono mitupu. Trizooka kutoka pembeni ya kituo, au Killer Wail 5.1 ikielekezwa kwenye njia wanayotokea, inasafisha mahali kwa sekunde zinazotosha.

Mkiwa mnajilinda na mnara umekaribia mno: rukieni juu hata kama mtaanguka. Mguu wenu mmoja juu ya mnara unausimamisha, na kila sekunde uliosimama ni sekunde mwenzenu anarudi uwanjani.

#8 – rola_la_zege

Na muda wa ziada? Mara nyingine mechi inaisha sekunde 0, mara nyingine inaendelea.

#9 – juu_ya_mnara

Muda wa ziada ni wa timu iliyo nyuma peke yake. Kwenye mnara, wao wakiwa juu yake saa ikiisha, mechi inaendelea. Kwenye Splat Zones, wao wakiwa wameshika eneo. Kwenye Rainmaker, wao wakiwa wameibeba. Kwenye Clam Blitz, wakiwa na chaza kuu mkononi au kikapu kikiwa wazi.

Kwa hiyo mkiwa mbele na zimebaki sekunde 20, kazi yenu ni moja: lengo lisiwe mikononi mwao saa ikigonga. Pandeni mnara nyinyi, hata kama hamuutaki. Mkiwa nyuma, hesabuni kinyume: mkikosa kugusa lengo kabla ya 0, hakuna cha ziada, hata muwe mmewaangusha wote wanne.

#10 – Mwanapweza

Rainmaker. Silaha kubwa ya dhahabu imekaa katikati ndani ya ngao ya duara. Timu zote zinaifyatulia ngao. Itakayoijaza kwa rangi yake inaipasua, na mlipuko unamwangusha adui yeyote aliye karibu. Anayeibeba anatakiwa aipitishe kituoni kwanza, kisha aifikishe kwenye nguzo ya nyumbani kwa adui. Kwenye Splatoon 2 hicho kituo hakikuwepo, kwa hiyo waliozoea mbio za moja kwa moja wajirekebishe.

Mwanzoni mwa mechi, kosa ni kusimama hatua mbili kutoka kwenye ngao na kushindana kuifyatulia. Ukiona rangi ya adui inakua, ondoka mara moja. Ngao ikipasuka upande wao nawe upo karibu, umeanguka na wao wamepata njia. Fyatua kutoka mbali kadiri silaha yako inavyofika, ikiwezekana kutoka juu. Kiatu chenye Object Shredder kinaongeza madhara kwa ngao, na mtu mmoja kwenye timu akiwa nacho inatosha.

Mbebaji anaonekana na wote, mwendo wake ni mzito, hana bomu wala speshali, wala hawezi kurukia kwa mwenzake. Risasi yake ya kuchaji inatoa kimbunga cha wino. Itumie kupaka njia na kusafisha kona, ila ukisimama kuchaji kila hatua mbili muda unaisha, kwa sababu kubeba kuna kikomo na kikiisha silaha inakulipukia.

#11 – Kifungo_ZR

Hapa kuna jambo linaloleta ugomvi kwenye kila timu: nani abebe. Msimamo wangu ni mwenye silaha fupi zaidi, au yule ambaye speshali yake haijawa tayari. Mwenye speshali kamili akibeba, speshali hiyo imefungiwa kabatini.

#12 – juu_ya_mnara

Mkuu, hapo kwenye silaha fupi sikubaliani. Mwenye rola au Splattershot ndiye anayepaswa kutangulia mbele ya mbebaji na kufungua njia kwa mapambano ya karibu. Ukimbebesha yeye, mbele anabaki nani, mwenye Charger? Mimi namtaka mchezaji wa umbali wa kati, asiye mbaya zaidi wala bora zaidi kwenye kuangusha.

#13 – Mwanapweza

Mnapokubaliana ni muhimu kuliko mnapopishana: mwenye speshali tayari asibebe. Hilo la silaha linategemea aliye hai wakati ngao inapasuka. Adui watatu wakiwa nje, abebe yeyote, hata mwenye Charger, maana kusubiri mtu sahihi kunakula zile sekunde 8 alizozitaja NgisiMzito.

Na lingine: adui wote wanne wakiwa hai na mko katikati, msibebe kabisa. Iacheni chini, ilindeni. Mbebaji akianguka, nyinyi mko watatu na silaha iko karibu nao.

#14 – hesabu_za_chaza

Mmeiacha Clam Blitz mwisho kama kawaida, na ndiyo modi yenye hesabu tamu kuliko zote. Ilikuja wakati wa Splatoon 2, mwaka 2017, na wengi bado wanaicheza kama kuokota maembe yaliyodondoka.

Chaza zimetawanyika uwanjani. Ukikusanya 8 zinajiunga kuwa chaza kuu, ile Power Clam (Splatoon 2 zilitakiwa 10). Kikapu cha adui kina kizuizi ambacho chaza kuu pekee inakivunja. Ikivunja, mnapata pointi 20 na kikapu kinakuwa wazi kwa muda mfupi. Wakati huo kila chaza ndogo inaingia kwa pointi 3, na chaza kuu nyingine kwa 20.

Angalia sasa. Chaza 7 mkononi ni pointi 21. Ukiongeza ya nane, zinageuka chaza kuu yenye pointi 20, na juu ya hasara hiyo adui wote wanaona ulipo. Kwa hiyo kwenye shambulizi anahitajika mtu mmoja mwenye chaza kuu. Wengine watatu waishie kwenye 6 au 7 na wasiokote tena. Watatu wenye 7 kila mmoja ni pointi 63. Ukiongeza 20 za kuvunja ni 83 kwa shambulizi moja. Timu inayoingia na chaza kuu moja huku wengine mikono mitupu inapata 20, kikapu kinajifunga, na aliyeshambuliwa anapewa chaza kuu ya bure. Mmewapa ufunguo wa nyumba yenu kwa pointi 20.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kusanyeni kimya upande wenu. Tazameni alama za juu: adui wawili wakiwa nje, aliye na chaza kuu aingie, wengine nyuma yake hatua chache. Chaza hurushwa kwa A, na unaweza kumrushia mwenzako pia. Aliye na 2 tu na yuko mbali amrushie mwenye 5 aliye karibu na kikapu. Ukiona huwezi kufika hai, rusha ulizonazo kwa mwenzako kabla hujaanguka. Ukianguka nazo zinamwagika.

Mkimaliza kufunga, msibaki nyumbani kwa adui kushangilia. Chaza kuu ya bure iko mikononi mwao, na kikapu chenu hakina mlinzi. Wawili warudi mara moja.

Kwenye kujilinda: mwenye chaza kuu anaonekana, kwa hiyo wote mnamkimbilia yeye. Mtego upo hapo. Akianguka, watatu wenye 7 bado wako nyuma, na mwenzao mmoja akikusanya nyingine mlango unafunguka. Mmoja wenu asifukuze. Akae kwenye kikapu.

#15 – rola_la_zege

Naomba ufafanuzi wa mavazi. Watu wanataja pointi za nguvu, 10 na 3, bila kueleza.

#16 – Kifungo_ZR

Una vazi la kichwa, nguo na viatu. Kila moja lina nafasi kuu moja yenye thamani ya 10 na nafasi ndogo tatu zenye thamani ya 3. Jumla ya vyote ni 57. Kila pointi unayoongeza kwenye nguvu ile ile inaleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo nafasi ndogo moja ya Ink Resistance Up, moja ya Quick Super Jump, moja ya Special Saver (ukianguka unapoteza karibu nusu ya geji yako) zinatoa faida kubwa kwa bei ndogo. Kujaza nafasi zote tisa kwa Ink Saver Main ni kuzifuja.

Nguvu nyingine zinakaa nafasi kuu tu na kwenye vazi moja tu. Stealth Jump ni ya viatu: inaficha alama ya unapotua kwa adui walio mbali. Kwenye Tower Control na Rainmaker, ambako watu wanarukia mbele kila mara, hiyo ndiyo ya kwanza kutafuta. Ninja Squid ni ya nguo, inaficha mawimbi unapoogelea lakini inapunguza mwendo, kwa hiyo weka na Swim Speed Up kidogo. Mwenye rola anaihitaji. Mwenye Charger haina kazi kwake.

#17 – kisanduku_cha_waya

Niongeze la mtandao, kwa sababu nusu ya malalamiko ya «nimempiga hakuanguka» chanzo chake ni hicho. Mechi za Splatoon 3 zinaunganisha vifaa vya wachezaji vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa hiyo muunganisho wa mtu mmoja mbovu unawagusa wote saba. Ndiyo maana unaweza kuangushwa ukiwa umeshajificha nyuma ya kona: kwenye skrini ya adui ulikuwa bado hujafika. Jizoeze kujificha mapema kidogo kuliko macho yanavyokwambia.

Hatua zenyewe: tumia waya badala ya Wi-Fi. Doki ya Switch OLED ina tundu la LAN; doki ya Switch ya kwanza inahitaji adapta ya USB. Kisha fungua mipangilio ya mfumo, sehemu ya intaneti, na ufanye jaribio la muunganisho. Tazama aina ya NAT: A au B ni nzuri, D italeta kukatika na kushindwa kuingia kwa baadhi ya wachezaji. Ikiwa D, mara nyingi kuna ruta mbili zimefuatana na zote zinagawa anwani. Moja iwekwe kwenye modi ya daraja (bridge mode). Na ukiona mechi zinakatika saa zile zile, angalia kama kuna kifaa kingine kinachopakua kitu kikubwa.

#18 – yai_la_dhahabu

Hamjaitaja Salmon Run, na ni modi ya timu kuliko zote. Wanne dhidi ya samaki wa kompyuta, mawimbi matatu ya sekunde 100, kila wimbi lina idadi ya mayai ya dhahabu ya kufikisha. Silaha hupangiwa, na speshali ni 2 tu kwa zamu nzima.

Kinachovunja zamu nyingi ni kuua bosi mbali na kikapu. Kila bosi anaacha mayai, na mtu anabeba moja moja. Bosi akifia ufukweni, mnatembea safari tatu kati ya samaki. Mvute kwanza: Steel Eel na Scrapper wanamfuata mtu, kwa hiyo anayefuatwa aelekee kikapuni, wengine wamalizie pale. Maws vivyo hivyo. Anatokea chini yako, kwa hiyo simama karibu na kikapu, ukiona duara lake weka bomu na usogee. Flyfish haivutiki na haina huruma: mabomu mawili, moja kila kisanduku, wakati visanduku viko wazi. Zikikaa mbili bila kuguswa, wimbi limekwisha. Stinger naye anafyatua kutoka mbali, kwa hiyo mmoja aende kumtafuta mapema, apige masufuria yake moja moja kuanzia chini.

Speshali msitunze hadi wimbi la tatu. Zamu nyingi zinaishia wimbi la pili watu wakiwa na mbili mkononi. Mwenzako akiwa ndani ya boya (ameanguka), mpige wino ili arudi kabla ya kubeba yai. Yai linaweza kusubiri. Mkiwa wote kwenye maboya, zamu imekwisha.

#19 – rola_la_zege

Shukrani kwa wote. La mwisho: anayeanza Anarchy, aingie Series au Open?

#20 – NgisiMzito

Anarchy inafunguka ukifika kiwango cha 10. Series unaingia peke yako, na inaisha ukishinda mara 5 au ukifungwa mara 3. Unalipa pointi za daraja kuingia, na unazirudisha kwa ushindi na medali. Open ni mechi moja moja na unaweza kuingia na rafiki. X Battle inafunguka baada ya kufika S+, na huko kila modi ina kipimo chake peke yake, kwa hiyo udhaifu wako kwenye Clam Blitz hauvuti chini namba yako ya Splat Zones.

Anayejifunza modi mpya aanze Open na mwenzake mmoja. Ratiba ya modi na ramani inabadilika kila saa 2. Tazama kwanza ramani mbili zilizopo, zipitie peke yako kwa dakika chache, hasa njia za pembeni. Ukisubiri wachezaji, ukumbi una uwanja wa shabaha wenye sanamu zinazoonyesha namba za madhara. Rekebisha hisia za jairo (kulenga kwa kuinamisha kontrola) hapo hapo: anza -1 au 0, geuka nusu duara kwa fimbo ya kulia, lenga juu na chini kwa kuinamisha kontrola, kwa kuwa jairo ikiwashwa fimbo haishughuliki na juu na chini. Shabaha ikihama kutoka katikati, bonyeza Y.

Halafu baada ya kufungwa, fungua marudio ya mechi. Usijitazame wewe. Tazama alama nane za juu, simamisha kila mara lengo linapopotea, na uhesabu wangapi wenu walikuwa hai sekunde 5 kabla.